Mavune ya Siku ya Pili

Boti ya wanawake wa Mahege iliingia Mbuchi asubuhi ya Ijumaa, maji yalipojaa, na Mwanamina alikuwa ameshafika bandarini kabla ya wote. Kanga ameifunga kibwebwe, meno yote nje. Wenzake wa timu ya Mbuchi walidhani anafurahia mashindano ya vunja jungu ya kuvuta kamba, Jumapili. Waache wadhani. Mwaka mzima alikuwa akiisubiri boti hiyo, na ndani ya boti alikuwa akimsubiri mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa amekaa nyuma kabisa. Zuhra hukaa nyuma hata kwenye kamba: katika wanawake wanane wa Mahege yeye ndiye wa mwisho, anayejizungushia kamba kiunoni na kuchimba visigino ardhini, na watu humwita nanga. Zuhra akishachuchumaa, kamba haisogei. Vijana wa Kibiti husema hata trekta lingeomba poo.

Hao wawili ni binamu. Mama yake Mwanamina, marehemu Bi Siti, alikuwa shangazi yake Zuhra, na ndiye aliyemlea tangu Zuhra alipofiwa na mama. Aliwalaza mkeka mmoja mpaka Zuhra alipoolewa Mahege. Bi Siti alikuwa mtu wa kuchua watu. Mzazi aliyetoka kujifungua, mvuvi aliyekesha akivuta nyavu, mkata mikoko aliyeshikwa na kiuno, wote walipita mikononi mwake. Alipougua aliwaita wasichana wake wawili, wasichana wenye jumla ya watoto saba, akawaambia, "Nikifa msinitafutie mtu wa kuniosha. Mtaniosha nyie. Mikono minne inanitosha." Zuhra alilia mpaka akapaliwa, kisha akaapa.

Bi Siti akafa alfajiri ya Jumapili ya vunja jungu, mwaka jana, Ramadhani ikiwa inabisha hodi. Mshamu, mume wa Mwanamina, alimpigia Zuhra simu hakujapambazuka vizuri. Zuhra alipokea, akasikiliza, akakata. Alikuwa Kibiti na timu yake. Bodaboda mpaka pwani, kisha boti, angefika kabla ya maziko ya alasiri na muda ungebaki. Mwanamina alimsubiri. Maji ya kuoshea yakapoa, yakapashwa tena, yakapoa tena. Mwisho akamwosha mama yake pamoja na bibi mmoja jirani, mikono miwili ya mtoto na miwili ya kuazima. Walipokuwa wanatandika mikeka ya matanga, simu ya Mshamu ikalia. Ilikuwa picha kutoka uwanja wa Kibiti. Mahege mabingwa wa kuvuta kamba, na Zuhra katikati, mbuzi wa zawadi mabegani, kinywa wazi mpaka magego yanaonekana.

Mwanamina aliihamishia picha hiyo kwenye simu yake mwenyewe. Aliitazama kila siku, wakati wengine wakitazama picha za watoto wao. Arobaini ikasomwa, Zuhra hakuja. Alituma mfuko wa sukari kupitia mwenye boti, Mwanamina akaumwaga mtoni ili samaki nao wanywe chai. Alimchukia Zuhra kwa moyo mkunjufu, bila kificho kwa nafsi yake, na chuki ile ilimpa nguvu ya kuamka asubuhi. Alipoona inampa nguvu kiasi hicho, akaenda kwa Faudhia, nahodha wa timu ya Mbuchi, akaomba nafasi kwenye kamba.

Sasa wageni walianza kushuka, wanazamisha miguu kwenye tope na kupiga mayowe, wanapeana mabegi mkono kwa mkono. Mabegi yalipofika nchi kavu, Mwanamina akayakumbatia yote, akayakalia.

"Tumewakamata!" akapaza sauti. "Hakuna begi, hakuna nguo ya kubadili, hakuna kamba ya mazoezi. Kuna mtani wangu hapa alikosa maziko ya mama yangu."

Wanawake wa Mbuchi wakapiga vigelegele, maana mambo yamekuwa mambo. Huku kwao mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na mtani aliyekosa msiba hana pa kujificha. Siku yoyote atakapokanyaga kwenu una haki ya kumkamata, yeye na alioandamana nao, na kushika mizigo yao mpaka wafanye kazi utakayowapa. Hawezi kukataa. Akinuna, aibu ni yake, si yako.

Zuhra alisimama kwenye tope, viatu mkononi. Hakucheka wala hakununa. "Kazi gani?" akauliza.

"Shamba la mama. Miche imepitiliza kitaluni tangu wiki iliyopita, nami sina watu."

Zawadi, nahodha wa Mahege, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi, akaangua kicheko. "Kupandikiza mpunga tu? Dada, sie wakulima bwana! Nilidhani utatuambia tuibebe boti kichwani. Tuonyeshe shamba lenyewe."

"Karibuni," Mwanamina akasema, kwa sauti tamu kama halua. "Karibuni sana."

Wakulima kweli walikuwa wakulima. Lakini kulima Mahege ni jembe, mihogo na mikorosho, mtu umesimama kwenye udongo unaokubali kukuachia. Shamba la delta ni jingine. Tope linafika magotini, linanata, na kila hatua unaung'oa mguu kwa nguvu ya paja. Umeinama kutwa nzima, unarudi kinyumenyume, unachomeka miche mbele yako. Mbuchi mtoto anazoea mambo hayo tangu hajaota meno ya pili. Asiyezoea hulipia, na hulipia kwa namna ambayo Bi Siti aliwafundisha wasichana wake walipokuwa wadogo, usiku wanapomshikia kibakuli cha mafuta ya nazi.

"Kazi msiyoizoea haiwaumizi leo," alikuwa akisema. "Leo mnachoka tu. Kesho mnajisikia wazito kidogo, mnajisifu kuwa mko ngangari. Siku ya pili yake ndipo mavune yanapokuja yenyewe, yakakaa kwenye mapaja, mkashindwa hata kuchuchumaa chooni. Kwa hiyo mtu akitoka kwenye kazi ngeni msimwache akae. Mpeni maji anywe, mtembezeni. Kesho yake msimwache alale, mpeni kazi nyepesi, ndoo ya maji, ufagio. Akilala yanamfunga."

Leo Ijumaa. Kesho Jumamosi. Siku ya pili yake Jumapili, filimbi, kamba, umma mzima wa Mbuchi umezunguka uwanja. Mwanamina alikuwa amehesabu mwezi mzima, tena kwa raha.

Shambani wageni walianza kwa nyimbo. Zawadi aliteleza akakaa kwenye tope hadi kiunoni, wenzake wakamcheka, naye akacheka. Mwanamina alisimama kwenye ukingo akigawa mafungu ya miche na kuwasifia. "Hee, watu wa Mahege nyie hatari! Huyo mama mwenye kilemba chekundu nani, mbona anapanda kama mashine?" Kadiri alivyowasifia ndivyo walivyoinama.

Zuhra peke yake hakuimba. Alianzia pembe ya mbali, chini ya ukuta wa mikoko ambako tope ni zito kuliko kote, akarudi kinyumenyume bila kuinua kichwa. Jua lilipokuwa kali alimwita Zawadi na wawili wengine, akawaambia watoke wakapike. Baadaye kidogo akawatoa wengine wawili waende kuteka maji. Halafu waliobaki akawatuma kuni. Mwanamina aliona, na mwanzoni alichukia kuona samaki wanatoka wavuni. Kisha akamtazama Zuhra aliyebaki peke yake katikati ya shamba, tope limemwenea mpaka kidevuni, akaona hapana, hii ni bora zaidi. Majivuno ya nanga! Anataka aonekane anaweza peke yake. Acha aweze.

"Mtani, umechoka?" alimpigia kelele.

"Bado."

"Pumzika basi."

"Nikimaliza."

Alimaliza jua likiegemea mikoko. Mistari yake ilikuwa imenyooka, miche mitatu mitatu kila shimo, kama alivyotaka Bi Siti. Mwanamina aliitazama mistari ile na kitu kikamchoma, akakitafsiri kuwa ni hasira, akashukuru kuwa hasira yake bado iko hai.

Faudhia hakuwa mjinga. Jioni ile alimvuta Mwanamina pembeni, nyuma ya jiko ambako wageni walikuwa wanakula wali na samaki.

"Mwanamina, mie mama yako kanichua mara ngapi? Najua ulichofanya. Jumapili watu hawa hawatasimama."

"Utani huo, Faudhia. Nimekosea wapi?"

"Sitaki ushindi wa hila."

"Ushindi chukua wewe, na mbuzi chukua wewe. Mie namtaka Zuhra apige magoti mbele ya watu, siku ileile aliyoniacha na maiti ya mama. Nikishaona magoti yake chini, kamba mnaweza kuikata mkaanikie nguo."

Faudhia akarudi kwa wageni. Hakumwambia mtu. Naye pia alikuwa ameona picha ya mbuzi.

Wageni walilazwa kwenye nyumba ya Bi Siti, iliyokuwa tupu tangu msiba. Mwanamina aliwatandikia mikeka mwenyewe, akawaletea chai, akawaambia kwa upole wa mama mkwe anayetaka kitu, "Kesho msishike hata kijiko. Laleni. Mwili uliofanya kazi hutaka kulala. Chakula tutawaletea hapohapo mkekani."

Zuhra aliinua macho. Walitazamana. Mwanamina alisubiri aseme kitu, maana naye Zuhra alikishika kibakuli cha mafuta zamani zile. Lakini Zuhra akasema tu, "Ahsante, mtani," akaingia chumba cha shangazi yake, akalala chali juu ya mkeka. Mwanamina akatoka na furaha tele. Kasahau! Mahege imemla akili, kanenepa huko kwenye nchi kavu mpaka kasahau alikotoka.

Jumamosi asubuhi alikwenda na sufuria ya uji, akakuta mambo yameharibika. Wale saba hawakuwa mkekani. Mmoja anafagia uwanja, wawili wanatoka kisimani na ndoo, Zawadi anaongoza wengine kutembea polepole mpaka msikitini na kurudi, huku wananyoosha mikono juu na kuinama.

"Nani kawatuma?" Mwanamina akauliza, na utamu wa sauti ukapungua. "Si niliwaambia mpumzike?"

"Zuhra," Zawadi akasema. "Anasema tukikaa tutakuwa magogo. Katuchemshia maji ya chumvi na majani ya mchaichai alfajiri, katukanda mmojammoja. Kwa kweli mapaja yanavuta kidogo, lakini tunakwenda. Yeye mwenyewe ndiyo amegoma kutoka. Anasema kachoka."

Mwanamina aliweka sufuria chini, akaingia ndani. Zuhra alikuwa amelala ubavu, uso ameelekeza ukutani, upande ambao Bi Siti alikuwa akilala.

"Mtani, hutoki?"

"Uliniambia nilale."

"Na wenzako?"

"Wenzangu hawakukosa maziko ya mtu."

Basi Mwanamina angeweza kuelewa hapohapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini mtu aliyelea kisasi mwaka mzima hasikii jambo jingine zaidi ya kile anachokisubiri, naye alichosikia ni kwamba nanga imelala, haitembei, haijachuliwa, haijakandwa. Wale saba wakatembee mpaka Kilwa wakitaka. Bila nanga, kamba ni kamba tu. Akamletea Zuhra uji mkekani, mchana akamletea wali mkekani, na jioni akamletea shuka ya pili ajifunike vizuri. Mshamu alimwuliza nyumbani mbona anaimba. Akamwambia ni mambo ya vunja jungu.

Jumapili uwanja wa Mbuchi ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya madirisha ya shule. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha ardhi. Timu ya Mahege ilikuja ikitembea vizuri, ila watu walianza kunong'ona walipomwona Zuhra. Alikuwa akivuta miguu bila kukunja magoti. Kwenye ngazi moja tu ya uwanja alisimama, akashika bega la Zawadi, akashuka kiubavu. Zawadi alikuwa anamsemesha kwa ukali, pengine anamtaka atoke, naye anatikisa kichwa. Akaichukua kamba, akajizungushia kiunoni.

Mwanamina alipangwa mbele kabisa upande wa Mbuchi. Kati yake na Zuhra kulikuwa na wanawake saba wa Mahege na kamba iliyonyooka, na aliweza kuuona uso wa Zuhra mwishoni mwa kamba hiyo. Uso ulikuwa unamtazama yeye.

Filimbi ikalia. Mvuto wa kwanza Mahege walishikilia vizuri, wale saba wana nguvu, halafu ukafika wakati wa nanga kuchuchumaa na nanga haikuweza. Mapaja yalikataa. Zuhra alisimama wima kama mlingoti, na mtu aliyesimama wima kwenye kamba anaondoka kama mzigo. Mbuchi wakashinda. Vigelegele vikapanda. Mwanamina hakupiga kigelegele. Alikuwa bado hajapata chake.

Mvuto wa pili Zuhra alijaribu. Mwanamina aliona akikunja magoti kwa kulazimisha, akaona midomo ikigeuka rangi, akaona miguu ikitetemeka kuanzia nyonga. Kisha magoti yakaachia. Yakapiga chini, yote mawili, kwenye tope, mbele ya Mbuchi nzima. Wale saba wakapoteza mwendo, wakavutwa, na filimbi ikalia kuashiria imekwisha.

Mwanamina hakuacha. Wenzake waliachia kamba, yeye akaendelea kuvuta. Wale wa Mahege nao walikuwa wameshaachia, kwa hiyo sasa kwenye kamba kulikuwa na watu wawili tu, mmoja anavuta na mwingine amefungwa kiunoni, anaburuzwa kwa magoti. "Njoo!" Mwanamina alikuwa anapiga kelele bila kujua kama anapiga kelele. "Njoo sasa! Njoo! Mbona siku ile hukuja!" Zuhra hakuifungua kamba. Angeweza, mikono yake ilikuwa mitupu. Aliburuzwa mpaka Faudhia alipomrukia Mwanamina na kumpiga mikononi mpaka akaiachia kamba.

Huo haukuwa utani tena, na kila mtu alijua.

Lakini Mwanamina mwenyewe alikuwa bado na hamu. Mbuzi alipoletwa, alimnyakua, akamtupia mabegani, akamwamuru Mshamu atoe simu. Alisimama makusudi mahali ambapo nyuma yake Zuhra angeonekana, chini, anashikwa makwapa na wenzake wakijaribu kumwinua. Akafungua kinywa mpaka magego. Mshamu akapiga picha moja, akairudisha simu mfukoni bila kumwonyesha. "Twende nyumbani, Mwanamina," akasema. "Inatosha."

Walimbeba Zuhra mpaka nyumba ya Bi Siti na kumlaza mahali palepale. Mwanamina alifuata baadaye, jasho limemkauka, mbuzi amemwachia Faudhia. Hakujua anafuata nini. Labda kumtazama tena. Kisasi alichokipata alikipenda, msije mkadhani alijuta. Alitaka kingine zaidi.

Alimkuta peke yake, macho juu kwenye dari.

"Nipeleke kwa shangazi," Zuhra akasema.

"Kaburi liko nyuma ya msikiti. Miguu unayo."

"Miguu huna habari nayo? Umeila yote. Nisimamishe tu, nitakwenda."

Mwanamina alimshika mkono, akavuta. Zuhra aliinuka kidogo, akatoa sauti asiyoitaka, akaanguka tena. Mapaja yake yalikuwa magumu kama mbao. Basi ikabidi. Mwanamina alikwenda jikoni, akachemsha maji kwenye sufuria ileile iliyotumika kupashia maji ya kumwoshea mama yake, akatia chumvi, akatafuta chupa ya mafuta ya nazi. Akarudi, akapiga magoti, akafunua miguu ya adui yake.

Alianza kwa uadui kamili. Alitafuta fundo la paja kwa dole gumba na kulikandamiza kwa uzito wake wote, mahali ambapo Bi Siti alikuwa akisema usipaguse mpaka pamelainika. Alisubiri ukelele. Zuhra alifumba macho tu, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni.

"Lia," Mwanamina akasema.

"Siyo kazi uliyonipa."

"Nani kakupa kazi?"

"Si umenikamata bandarini? Umenipa shamba, nimepanda. Umeniambia nilale siku nzima, nimelala." Alifumbua macho. "Mwanamina, ulidhani mie nasahau mavune ya siku ya pili? Mie? Kibakuli tulikishika wote."

Mkono wa Mwanamina ukasimama.

"Ulijua."

"Tangu ulipoyakalia mabegi. Wenzangu nikawatoa, hawana kosa. Mie nikabaki."

Nieleze vipi hasira iliyomshika Mwanamina hapo? Ilikuwa kubwa kuliko ile ya mwaka mzima. Alikuwa amepika kisasi chake taratibu, amekionja, amekitia chumvi, kumbe aliyekuwa amepikiwa alikuwa anasubiri na sahani mkononi. Alijiona ameibiwa. Akainua mkono ampige, akakosa pa kupiga, maana kila mahali pa mwili ule tayari palikuwa panauma kwa kazi yake.

"Kwa nini hukuja?" akauliza. Sauti ilimtoka ndogo. "Usiniambie simu. Mshamu alikwambia. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukavuta kamba."

"Nikavuta. Nilitoka na begi mpaka barabarani, bodaboda akasimama mbele yangu. Nikaona nikipanda nitamkuta amelala, nitamshika na hatashtuka mkono wangu ukiwa wa baridi. Shangazi alikuwa akishtuka, unakumbuka? Anatutukana. Nikarudi uwanjani. Kila nilipokuwa nimeishika kamba alikuwa bado hajafa. Walipomweka yule mbuzi mabegani nikapiga makelele, Mwanamina, ile picha si kicheko. Watu waliona meno tu." Akapumua. "Hiyo siyo sababu. Nilikuacha peke yako na mama. Ndiyo maana sikuja arobaini, ningekuja kusema nini? Nikasema nitakuja siku mtakayonikamata."

Mwanamina alitoa simu kifuani, akaifungua ile picha aliyoitazama mwaka mzima. Aliitazama sasa kwa muda mrefu. Kweli kinywa kilikuwa wazi. Kweli meno yalionekana. Macho hakuwahi kuyatazama hata siku moja. Akaizima simu, akaiweka sakafuni kifudifudi.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Usije ukadhani kwa kuwa umejitesa ndiyo basi. Nilitaka kukutesa mie."

"Umenitesa. Paja la kushoto hasa."

Mwanamina alitaka kucheka na akajichukia kwa kutaka. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakilaza juu ya paja, akaacha joto liingie. Kisha akaanza upya, kutoka gotini kwenda juu, kwa kiganja kizima, mwepesi, kama mtu anayeangalia kama mtoto amelala. Mkono ulikwenda wenyewe. Haukuwa wake, wote wawili waliujua ni wa nani, na hapo Zuhra akalia ukelele ambao dole gumba lilishindwa kuutoa. Mwanamina hakumnyamazisha. Alichua paja moja, akachua la pili, akachua mashavu ya miguu mpaka vidole, na alipoona vidole vina tope la shamba kwenye kucha akavisafisha kimojakimoja kwa kitambaa.

"Simama," akasema alipomaliza.

"Siwezi bado."

"Ukilala yatakufunga. Simama."

Walitoka wameshikana, Zuhra akitembea kama bata, Mwanamina akimtukana kila hatua. Watu wa Mbuchi walikuwa wamekaa vibarazani wakiwatazama. Kesho, Mwanamina alimwambia njiani, boti ya wenzako itakwenda bila wewe. Utarudi shambani, mstari mmoja tu, taratibu, mwili uzoee tope. Keshokutwa miwili. Zuhra akasema sawa.

Kaburini alisimama muda, halafu akasema anataka kushuka, aguse udongo. Magoti hayakukunja. Mwanamina alipita nyuma yake, akampitishia mikono chini ya makwapa, akachimba visigino vyake ardhini, akawa nanga yeye, akamshusha polepole mpaka viganja vya Zuhra vikafika kwenye kaburi.

"Huyu hapa, mama," akasema juu ya kichwa chake. "Kachelewa."

Akaendelea kumshikilia, maana angeachia, Zuhra angeanguka.